Seli zinavyoagizana kujenga ubongo: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya huletwa na watu wa aina mbili hapa Mombasa: wanafunzi wa biolojia na udaktari wanaotaka kufanya majaribio ya kiinitete cha kuku, na wazazi, wengi wao wakiwa wameambiwa kliniki kwamba mtoto ana mgongo wazi, yaani uti wa mgongo haukuziba. Majibu tumeyachanganya makusudi. Kile ambacho mwanafunzi anakitafuta kwenye darubini ndicho kilichomtokea yule mtoto tumboni.

Mnaposema "seli zinawasiliana", maana yake nini hasa?

Seli moja hutoa kemikali, mara nyingi protini. Seli nyingine ina kipokezi juu ya utando wake kinachoidaka protini hiyo. Kipokezi hubadilika umbo, na badiliko hilo hupokezanwa ndani ya seli, protini hadi protini, mpaka kwenye kiini, ambako jeni fulani huwashwa na nyingine huzimwa. Basi. Hakuna seli inayojua kwamba inajenga ubongo. Kila moja inajua tu imepata nini, kiasi gani, kwa muda gani.

Ishara zenyewe ni chache kuliko watu wanavyodhani. Sehemu kubwa ya kazi hufanywa na Hedgehog, Wnt, BMP, FGF, Notch, na asidi ya retinoiki itokanayo na vitamini A. Hizo hizo hutumika kutengeneza mkono, moyo na meno. Ndiyo maana tunawaambia wanafunzi wasikariri "ishara ya ubongo", kwa sababu hakuna kitu kama hicho. Waulize wakati, kiasi, na seli inayopokea imeshapitia nini kabla.

Ilijulikanaje kwamba seli huagizana?

Jaribio kubwa ni la Hans Spemann na Hilde Mangold, lililochapishwa Ujerumani mwaka 1924. Walikata kipande kidogo cha kiinitete cha salamanda, wakakipandikiza upande wa tumbo wa kiinitete cha salamanda wa aina nyingine mwenye rangi tofauti. Pale kilipopandikizwa pakaota mwili wa pili, wenye mrija wake wa neva, ule unaokuja kuwa ubongo na uti wa mgongo. Kwa kuwa rangi zilitofautiana, waliweza kuona kwamba mrija huo ulijengwa zaidi na seli za mwenyeji. Kipande kiliwaagiza majirani. Spemann alipata tuzo ya Nobel mwaka 1935. Mangold hakuiona siku hiyo, alifariki mwaka ule ule wa 1924 akiwa na miaka 25.

Baadaye ilieleweka kwamba kipande kile hutoa protini kama noggin na chordin, ambazo kazi yake ni kuizuia BMP. Seli za tabaka la nje zikiachwa na BMP huwa ngozi. BMP ikizuiwa, huelekea kuwa neva.

Sonic hedgehog hufanyaje kazi?

Mrija wa neva una paa na sakafu, kama nyumba. Chini ya sakafu umelala ufito unaoitwa notokodi, nao hutoa protini ya Sonic hedgehog, kwa kifupi SHH. Baada ya muda sakafu yenyewe huambukizwa na kuanza kuitoa pia. Chukua mfano wa chumba kinachofukizwa udi. Aliyekaa kando ya chetezo anafunikwa na moshi, wa katikati ananukia nguo nzima, na aliye mlangoni anapata harufu tu. Seli zilizo karibu na sakafu hupata SHH nyingi na kuwa aina moja; zinazofuata juu yake huwa neuroni za mwendo, zile zinazotikisa misuli; za juu zaidi huwa neuroni za kuunganisha, kwa ngazi. Vipande vya mrija vikikuzwa kwenye sahani, kuongeza SHH mara mbili au tatu tu kunatosha kuihamisha seli ngazi. Kutoka upande wa paa, BMP na Wnt hushuka zikifanya kazi ya kinyume, na huko ndiko hutoka neuroni za kupokea hisia.

Mfano wa udi unapwaya mahali pamoja: muda. Seli hupima kiasi pamoja na urefu wa saa ilizokaa ndani yake. Isitoshe, kadiri inavyokaa ndivyo inavyozoea, kwa kuwa hutengeneza vipokezi zaidi vya kuinasa SHH na kuituliza. Mwanafunzi anayeweka dozi sahihi kwa saa zisizo sahihi atapata jibu la dozi nyingine kabisa, na atailaumu chupa.

Ndani ya seli mambo huenda hivi. Protini ya Patched ni bawabu. Kazi yake ni kuizuia protini nyingine, Smoothened, isipite. SHH ikimshika bawabu, Smoothened huachiliwa na kupanda kwenye kijinywele kimoja kinachochomoza juu ya seli. Pale, protini za Gli, ambazo zilikuwa zinakatwa na kugeuzwa vizuizi, hubaki nzima na kwenda kiini kuwasha jeni. Hicho kijinywele si pambo. Mtoto aliyezaliwa na jeni mbovu za kukitengeneza huweza kuwa na kasoro za ubongo ingawa SHH yake ni nzima.

Kwa nini jina la ajabu hivyo?

Jeni ya kwanza ya hedgehog ilipatikana kwa nzi wa matunda na Christiane Nüsslein-Volhard na Eric Wieschaus, katika kazi waliyochapisha mwaka 1980. Buu aliyeikosa alijaa miiba kama nungunungu mdogo wa Ulaya, ndiyo maana ya neno hilo. Ya wanyama wenye uti wa mgongo ikapewa jina la mhusika wa mchezo wa video. Madaktari wengi hawalipendi, na ukimkalisha mzazi umweleze ugonjwa wa mwanawe utajua kwa nini.

Ni kweli kuna kondoo waliozaliwa na jicho moja?

Ni kweli. Katika miaka ya 1950 wafugaji wa Idaho, Marekani, walipata wanakondoo wenye jicho moja katikati ya uso. Chanzo kilikuwa mmea wa Veratrum californicum, uliokuwa ukiliwa na kondoo mwenye mimba karibu na siku ya 14. Sumu iliyomo, siklopamini, huifunga Smoothened. SHH ikikosa kusikika pale mbele, ubongo wa mbele haugawanyiki pande mbili, wala uga wa jicho. Kondoo aliyeula mmea ule ule wiki kadhaa baadaye huzaa mwana mwenye macho mawili.

Kwa binadamu hali hiyo huitwa holoprosensefali, na ina ngazi: kutoka mimba isiyoweza kuishi hadi mtu mzima mwenye jino moja tu la mbele katikati. Baadhi ya familia zina hitilafu kwenye jeni ya SHH yenyewe.

Ujuzi huo ulizaa dawa pia. Vismodegib, inayoizuia Smoothened, iliidhinishwa Marekani mwaka 2012 kwa saratani fulani ya ngozi ambayo hutumia njia hii kukua. Mjamzito haruhusiwi kuigusa, na sasa unaelewa sababu.

Kila mtu husema "siku 28". Ni nini hutokea siku hiyo?

Mrija wa neva huanza kama bamba. Kingo zake huinuka, hukunjana na kushikana katikati, kuanzia takriban siku ya 22 baada ya mimba kutunga. Tundu la kichwani huziba kwanza, la mkiani hufuata, na kufikia siku ya 28 kazi imekwisha. Kichwani pasipoziba, mtoto hukosa sehemu kubwa ya ubongo na fuvu, na haishi. Chini pasipoziba, ni mgongo wazi.

Sasa hesabu kwa kalenda ya mwanamke. Siku ya 28 baada ya kutunga ni wiki ya 6 tangu hedhi ya mwisho. Mwenye mzunguko wa siku 28 atakuwa amechelewa wiki mbili tu. Wengi bado wanajiuliza kama ni homa, ni uchovu au ni safari. Anayefika kliniki mwezi wa nne akapewa vidonge vya madini ya chuma na asidi ya foliki hupata faida ya damu, na ni faida kubwa, lakini mrija ulishafunga au ulishashindwa miezi kadhaa nyuma.

Basi asidi ya foliki inywewe lini, na kiasi gani?

Mikrogramu 400 kila siku, kuanzia angalau mwezi mmoja kabla ya kushika mimba hadi mwisho wa wiki ya 12. Aliyewahi kupata mimba yenye mgongo wazi huhitaji dozi kubwa ya miligramu 4, yaani mara 10, na aandikiwe na daktari. Dozi hiyo ndiyo iliyotumika kwenye utafiti wa Baraza la Utafiti wa Tiba la Uingereza uliotoka mwaka 1991, ambapo hatari ya kurudia ilipungua kwa asilimia 72. Haikuisha. Mama aliyemeza kila siku na bado akapata mtoto mwenye tatizo hana kosa lolote, na jamaa zake waambiwe hivyo waziwazi.

Kwetu Pwani kuna jambo la kuangalia. Wajawazito hupewa vidonge vya SP vya kuzuia malaria kuanzia mwezi wa nne. SP huua vimelea kwa kuviharibia njia ya foleti, vitamini ambayo asidi ya foliki ni aina yake ya kidonge. Ukimeza asidi ya foliki ya miligramu 5 kwa siku wakati huo, unavilisha vimelea na kuidhoofisha dawa. Mikrogramu 400 haina shida hiyo. Vidonge vya miligramu 5 ndivyo vinavyopatikana kwa wepesi madukani, kwa hiyo soma pakiti: "mg" na "mcg" zinatofautiana mara 1,000.

Mchicha wa nazi na kunde havitoshi?

Vinasaidia, ila foleti ya chakula huyeyuka majini na huharibiwa na moto. Ukichemsha mchicha na kumwaga maji, umemwaga sehemu kubwa. Upike kwa maji machache, utie tui, ule na mchuzi wake. Mbaazi na kunde ni bora zaidi kwa sababu mtu hula nyingi kwa mlo mmoja. Unga wa pakiti wa ngano na mahindi Kenya unatakiwa kisheria kuongezwa virutubisho tangu mwaka 2012, foliki ikiwemo, kwa hiyo hata mahamri huchangia kidogo. Unga wa kusagisha mwenyewe mtaani haujaongezwa kitu. Kwa jumla, chakula pekee hatukitegemei.

Dawa gani huvuruga ishara hizi?

Valproate, dawa ya kifafa, huongeza hatari ya mgongo wazi hadi takriban mtoto 1 hadi 2 kati ya 100. Usiiache ghafla: kifafa cha mfululizo huua mama na mtoto. Onana na daktari kabla ya kutafuta mimba ili ibadilishwe. Isotretinoin, vidonge vya chunusi, ni jamaa wa asidi ya retinoiki na huharibu ubongo wa nyuma, uso na moyo. Pombe, tembo la mnazi likiwemo, haina kiasi kinachojulikana kuwa salama.

Homoni ya thairoidi pia ni ishara ya ubongo, na hadi karibu wiki ya 12 mtoto hutegemea ya mama tu. Mama huhitaji iodini, yaani madini joto, mikrogramu 250 kwa siku. Chumvi ya pakiti inayo, lakini ikiachwa wazi jikoni kwa unyevu wa Mombasa hadi ikachuruzika maji, iodini huondoka nayo. Ifunike, na uitie chakula kikikaribia kuiva.

Kichwa cha mtoto kinakua sana. Tumeambiwa ni majini.

Anayetaka dua na asomewe, haizuii kupima. Chukua futi ya cherehani, uzungushe juu ya nyusi na sehemu ya kisogo iliyotokeza zaidi, andika sentimita na tarehe, urudie kila wiki. Mtoto mchanga wa kawaida huwa na karibu sentimita 35. Huongezeka takriban sentimita 2 kwa mwezi kwa miezi 3 ya kwanza, 1 kwa mwezi kwa miezi 3 inayofuata, kisha nusu. Kikienda kasi kuliko hivyo, au utosi ukavimba, au macho yakaangalia chini daima kama jua linalotua, mpeleke hospitali ya rufaa wiki hiyo hiyo.

Mara nyingi chanzo ni maji ya ubongo yasiyoweza kutoka. Hali hiyo mara nyingi huandamana na mgongo wazi, lakini Afrika Mashariki wengi huyapata baada ya maambukizi ya ubongo ya siku za mwanzo baada ya kuzaliwa. Matibabu ni mrija wa kuyapeleka tumboni, au kutoboa njia mpya ndani ya ubongo kwa kamera. Benjamin Warf, akiwa Mbale, Uganda, aliunganisha mbinu hii ya pili na kuchoma tishu inayotengeneza maji, kwa sababu mrija huziba na familia iliyo mbali na hospitali haina pa kukimbilia.

Nataka kufanya jaribio la kuku, kukipa kiinitete siklopamini. Mayai nipate wapi?

Mayai ya kizungu ya dukani hayana kiinitete. Kuku wale hawajaona jogoo. Ya kienyeji kutoka soko la Kongowea huenda yana mbegu, lakini hakuna ajuaye yametagwa lini wala yamekaa wapi. Hapo ndipo joto la Mombasa linapokuponza. Yai la kuku husimama kukua likiwa chini ya nyuzi 20 hivi. Likiachwa mezani kwa nyuzi 29 au 30, huanza kukua ovyo: sehemu nyingine zinakwenda, nyingine zinasubiri. Mwanafunzi huliweka kwenye mashine ya kuatamisha saa 36, hufungua, hukuta kichwa kilichopinda, na huandika kwamba ni athari ya dawa.

Nunua kwa mfugaji mwenye jogoo mmoja kwa kila matetea 10, yachukuliwe siku yaliyotagwa, yasafirishwe asubuhi ndani ya kisanduku cha barafu yenye kitambaa katikati. Yahifadhi nyuzi 13 hadi 16, yasizidi siku 7. Friji ya kawaida ni baridi mno. Chumba chenye AC ya nyuzi 18 hufaa kwa siku mbili tatu. Kabla ya kuyaatamisha, yaache yapate joto la chumba kwa saa chache, la sivyo hutoka jasho, na jasho huingiza bakteria ganda likiwa wazi.

Dirisha hufunguliwaje?

Futa ganda kwa ethanoli ya asilimia 70, usilioshe. Lilaze ubavu, weka alama juu kwa penseli, kwani wino wa kalamu hupenya. Mashine iwe nyuzi 37.5 hadi 38, unyevu karibu asilimia 60, na usiligeuze. Kwa saa 33 hadi 38 utapata hatua ya 10 ya Hamburger na Hamilton, waliopanga ukuaji wa kiinitete cha kuku kwa hatua, yenye jozi 10 za somaiti, vile vipande vidogo vilivyopangana kando ya mrija wa neva.

Kisha toboa upande butu kwa sindano ya geji 18, elekeza ncha chini kabisa, uvute mililita 3 hadi 4 za ute. Kiinitete hushuka na kuachana na ganda. Ukiona rangi ya njano kwenye bomba, umetoboa kiini, litupe, usijidanganye. Bandika selotepu juu, kata dirisha la sentimita 2 kwa mkasi mdogo uliopinda. Weka matone ya Ringer, yaani maji ya chumvi ya kukilinda kiinitete: kwa lita moja, gramu 7.2 za NaCl, 0.37 za KCl, 0.17 za CaCl2 kavu. Kama chupa imeandikwa "dihydrate", weka 0.23. Usichanganye na bafa ya fosfeti, kalsiamu itaganda kuwa unga mweupe.

Ili kukiona, ingiza wino mweusi wa India uliozimuliwa 1 kwa 10 chini ya kiinitete kwa sindano nyembamba. Wino wenye lakki huua. Jaribu mayai matatu kwanza. Hesabu somaiti ukiandika, kwa kuwa kuku huongeza jozi moja kila dakika 90 hivi. Saa za mashine husema uongo, somaiti hazisemi.

Siklopamini haiyeyuki majini, huyeyushwa kwa ethanoli. Kwa hiyo kundi la kulinganisha lipewe ethanoli ile ile, kiasi kile kile, bila siklopamini. Kundi "lisilopewa kitu" halitoshi. Vaa glavu, na mjamzito asishike chupa hiyo.

Viinitete vimekufa vyote. Kosa liko wapi?

Vikifa ndani ya siku moja, ni damu iliyovuja au wino. Vikifa siku ya tatu kwa harufu, ni bakteria. Vikikauka na utando kuwa kama karatasi, dirisha halikufungwa vizuri: selotepu haishiki ganda lenye unyevu, na hewa ya hapa ni unyevu mtupu, basi kausha kingo kwa pamba kabla ya kubandika. Vikifa vyote usiku mmoja, angalia kipimajoto. Zaidi ya nyuzi 40 kwa saa chache huua.

Stima ikikatika?

Usifungue mlango wa mashine. Kiinitete huvumilia kupoa kuliko kuunguzwa, na mashine iliyofungwa hapa Mombasa hushuka polepole. Ikipita saa moja, weka chupa za maji ya nyuzi 40 chini, mbali na mayai. Andika muda uliopotea, kisha pima hatua kwa somaiti. Hatari ya kweli ni stima inaporudi: mashine za bei nafuu hupitiliza, kwa hiyo kaa nayo dakika 30 za mwanzo.

Rangi za kingamwili hazionekani. Nifanyeje?

Mara nyingi tishu imekaa mno kwenye fomaldehidi, dawa ya kuihifadhi isioze. Kwa kiinitete cha siku mbili hadi tatu, saa 2 juu ya barafu zinatosha. Paraformaldehidi ya asilimia 4 ni gramu 4 kwa mililita 100 za PBS (maji ya chumvi yenye bafa ya fosfeti), nyuzi 60 chini ya kofia ya kuvuta hewa, tone moja moja la NaOH mpaka iwe angavu, ipoe, irudishwe pH 7.4. Iliyokaa wiki mbili kwenye kabati haifai. Baadaye loweka kwenye sukari ya asilimia 30 hadi kiinitete kizame chini. Kikikatwa kabla hakijazama, barafu hupasua seli.

Slaidi zikitoka kwenye mashine baridi ya kukatia hushika umande papo hapo, na vipande huelea. Ziweke kwenye boksi lililofungwa lenye silika, na zisifunguliwe mpaka zipate joto la chumba. Kisha weka kingamwili za PAX6 na NKX2.2, protini mbili za kiini zinazoonyesha ngazi ya seli, kwenye kipande kimoja. NKX2.2 ikae chini, karibu na sakafu, PAX6 juu yake, na mpaka kati yao uwe mkali. Kwenye yai lililopata siklopamini ya kutosha, NKX2.2 hupotea na PAX6 hushuka hadi chini. Ukiona NKX2.2 imepungua upande mmoja tu, dawa haikuenea: ilimwagwa upande huo.